Nomadland: filamu nzuri, lakini shamba la biti liko wapi?

Filamu Nomadland imezunguka sana kwa flashi za wanafunzi hii miezi, ile yenye sauti ya Kifaransa, na kila anayeimaliza anatoka na neno lile lile: «Mimi pia naweza kuishi vile.» Gari moja, kitanda nyuma, jiko la gazi, barabara ndefu, hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango kila tarehe 5. Ninaelewa kabisa. Mwenye amemaliza lisansi na anahesabu garanti ya miezi sita kwa chumba kimoja chenye bati linalovuja, ataacha aje kuota gari lenye kitanda? Njo maana nimeona vizuri tuizungumzie hii filamu kwa utulivu, pamoja na kitabu kilichoizaa, juu vyote viwili vinaangalia watu wale wale lakini havioni kitu kile kile.

Kwa wale hawajaiona. Jessica Bruder, mwandishi wa habari wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2017. Alikuwa amefuata kwa miaka kadhaa Wamarekani wazee ambao hawana tena nyumba ya kupanga ao ya kununua, wanalala ndani ya magari na trela, wanahama toka jimbo hadi jimbo wakitafuta kazi za msimu. Yeye mwenyewe alinunua gari, akalala ndani, akafanya baadhi ya zile kazi. Mwaka 2020 Chloé Zhao akatoa filamu, na mwaka 2021 filamu hiyo ikachukua Oscar tatu kubwa: filamu bora, mwongozaji bora, na mwigizaji bora wa kike kwa Frances McDormand. McDormand anacheza Fern, mjane wa miaka sitini na kitu. Fern ni mtu wa kubuniwa. Lakini wengi wanaomzunguka, Linda May, Swankie, Bob Wells, ni watu wa kweli waliotoka kwenye maisha yale, na wanacheza chini ya majina yao wenyewe.

Filamu inaanzia Empire, mji mdogo wa jimbo la Nevada. Ulikuwa mji wa kampuni, munajua maana yake. Kampuni ya US Gypsum ilichimba jasi pale na kutengeneza mbao za jasi, zile zinazofunika kuta za nyumba za Wamarekani. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa za kampuni. Kisha ikaja krizi ya mwaka 2008, watu wakaacha kujenga, mbao za jasi zikakosa mnunuzi, na tarehe 31 Januari 2011 kiwanda kikafungwa. Familia ziliachiwa muda hadi watoto wamalize mwaka wa shule, kisha kila mtu akaondoka. Hata namba ya posta ya mji, 89405, ilifutwa. Angalieni vizuri: watu waliotengeneza kuta za nyumba za wengine wamekosa nyumba kwa sababu nyumba hazijengwi tena. Zhao hasemi hilo kwa maneno, anaweka tu maandishi mafupi mwanzoni na kumwonyesha Fern mbele ya stoo yake, anakumbatia nguo ya marehemu bwana yake. Kazi nzuri. Mwenye amepita Kiliba, kule kwenye bonde la Ruzizi upande wa Uvira, akaona kiwanda cha sukari kilichosimama miaka ya 1990 na kambi ya wafanyakazi pembeni, hahitaji kuelezwa Empire ni nini. Tofauti ni kwamba Kiliba watu walibaki na jembe. Empire ni jangwa, hakuna cha kulima, na nyumba hazikuwa zao. Walibaki na gari.

Sasa, upande wa maisha ya kila siku ndani ya gari, filamu inasema kweli kuliko zile video zote munazotumiana. Nianze na ndoo. Kule Quartzsite, jangwa la Arizona, watu wa magari wanakutana kila Januari kwenye mkutano ambao Bob Wells alianzisha, unaitwa Rubber Tramp Rendezvous. Filamu inatuonyesha watu wazima wameketi kwenye viti vya kukunja, wanafundishwa namna ya kuchagua ndoo ya choo: ndoo ya galoni 5, kama lita 19 hivi, inafaa wengi, lakini mwenye magoti mabaya achukue iliyo ndefu zaidi. Watu wanacheka, lakini wanaandika. Na mbele zaidi tunamwona Fern mwenyewe, tumbo limemgeuka, kwenye ndoo. Mwigizaji mkubwa wa Hollywood, kwenye ndoo. Ile sekunde chache inafaa zaidi kuliko picha mia za kahawa mbele ya mlima.

Juu video hazionyeshi maji. Wamarekani wana magari-nyumba ya kila namna: kuna makubwa kama basi, yenye bafu, choo, tangi ya maji safi, tangi ya maji ya kuoshea na tangi ya choo peke yake, ambazo lazima uende kuzimwaga kwenye vituo maalumu. Kuna trela zinazovutwa. Na kuna kama lile la Fern, gari la Ford la kubebea mizigo, ambalo yeye mwenyewe amelitengeneza kwa ndani. Kwa yote, hesabu ni ile ile: lita moja ni kilo moja. Hii hatuna haja ya kufundishwa, sisi tuliokua na bidoni ya lita 20 begani siku bomba linakauka. Tuseme mtu anajibana kabisa, lita 10 kwa siku, kunywa, kupika, kujipangusa. Siku kumi ni kilo 100 zinazobebwa na pine, na kilo 100 za maji machafu zinazotafuta pa kwenda. Uhuru wako una urefu wa tangi lako. Ukikaa mbali na watu unakimbia kutafuta maji, ukikaa karibu na maji uko tena kati ya watu na sheria zao.

Umeme vilevile. Pano moja ya wati 200 juu ya gari, kwa jua zuri la masaa matano, kwa hesabu ya daftari inatoa wati-saa 1000, na kwa ukweli inatoa chini yake. Kwa taa, telefone na firiji ndogo inaenda. Lakini mashine ya umeme ya kupasha joto ya wati 1500 itamaliza hiyo yote kwa dakika 40. Kwa hiyo wanapasha joto kwa gazi, na hapo inaingia hatari ambayo mama zetu wanaijua kwa mbabula: moto ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu bila harufu. Fern anafanya nini? Anajifunika. Kuna mahali mwanamke wa kituo cha mafuta anamwambia kuna kanisa linapokea watu usiku, baridi inakuja kali. Fern anakataa kwa upole na kwenda kutetemeka ndani ya gari lake. Filamu haipigi ngoma juu ya hiyo, inaacha tumwone akitetemeka.

Na mahali pa kulala? Hapa vijana wengi wanafikiri Marekani ni bahari ya barabara, unasimama popote. Hapana. Magharibi ya nchi ile, sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali kuu, na ofisi inayoisimamia inaruhusu mtu kulala bure sehemu nyingi, lakini kwa kawaida siku 14, kisha uhame. Karibu na Quartzsite kuna viwanja vya kukaa muda mrefu, toka 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kwa miaka mingi bei ilikuwa dola 180 kwa ile miezi saba yote. Dola 180! Munaelewa sasa kwa nini wazee wanajaa pale kila majira ya baridi. Lakini kiangazi kikifika joto linapita digrii 40, na gari la bati linakuwa tanuru, lazima kupanda kaskazini ao milimani. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hilo: ni ufugaji wa kuhamahama, mifugo inafuata majani na maji kwa majira. Tofauti ni kwamba hapa ng'ombe na mchungaji ni mtu mmoja.

Ndani ya miji ni ngumu zaidi. Filamu inaonyesha mtu anagonga dirisha usiku, anamwambia Fern hapa hairuhusiwi kulala, na moyo wake unaruka. Ile kugonga njo sauti ya maisha hayo kuliko piano ya Ludovico Einaudi inayosikika kila mara. Tangu filamu itoke mambo hayakulegea: Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwapa adhabu wanaolala kwenye maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kulala.

Kisha kuna adresi. Bila adresi hakuna permi ya kuendesha, hakuna asiransi ya gari, banki inakusumbua, kura inakusumbua. Watu wa magari wamepata njia: jimbo la South Dakota linamkubali mkaaji mwenye risiti ya usiku mmoja wa kulala pale, hoteli ao kempingi, pamoja na adresi ya kampuni inayopokea barua zake na kumtumia mbele. Usiku mmoja, na wewe ni raia wa South Dakota! Wengine wanachagua Texas ao Florida. Mimi hapo nilicheka, nikifikiria safari ngapi mtu anafanya hapa kwetu kwa karatasi moja ya makazi. Lakini hilo kicheko linakwisha haraka ukikumbuka Empire: watu ambao namba yao ya posta ilifutwa, sasa wanakodi sanduku la barua kwenye jimbo ambalo hawalali.

Mwisho wa hii sehemu, gari lenyewe. Fern anapata pine iliyotoboka na hana ya akiba, Swankie anamkaripia kama dada mkubwa: huku jangwani mtu anaweza kufa. Baadaye gari linaharibika kabisa, fundi anamwambia matengenezo yanapita dola 2000, afadhali auze na kununua lingine. Fern anamweleza kwamba hawezi, anaishi ndani yake. Fundi anaona mashine, Fern anaona nyumba. Kwa nyumba ya kawaida, bati likivuja unaendelea kulala chini yake. Gari likifa, nyumba, kazi na adresi vimekufa siku moja. Anachukua basi kwenda kuomba dada yake pesa.

Na kwa dada yake njo mahali filamu inaanza kunipoteza.

Dada ana nyumba nzuri, ana bwana, anamwambia Fern: kaa hapa. Fern anakataa. Baadaye Dave, mzee mwenzake wa barabara, anarudi kwa mtoto wake, nyumba kubwa ya shamba, bata na kuku, mjukuu, na anamwambia Fern: kaa hapa. Fern analala usiku kwenye kitanda laini, hawezi, anashuka kulala ndani ya gari, asubuhi anaondoka bila kuaga. Ni sehemu zilizochezwa vizuri sana, sitabisha. Lakini angalieni inachofanya kwa hadithi nzima. Filamu iliyoanza na kiwanda kilichofungwa inamalizika na mwanamke ambaye milango miwili imefunguliwa na yeye ameifunga. Krizi ya 2008 imegeuka tabia ya mtu. Mtazamaji anatoka akisema: kumbe ni yeye anapenda. Ndugu zangu, watu wa kitabu cha Bruder hawakuwa na milango miwili. Wengi hawakuwa hata na mmoja. Linda May, kwenye filamu hiyo hiyo, anaeleza kwamba amefanya kazi tangu utoto, na siku alipoangalia pensheni yake akakuta dola 500 na kitu kwa mwezi. Dakika moja tu ya maneno yake, na ina ukweli mwingi kuliko nyumba ya Dave yote.

Mwenzangu mmoja wa fakulte ya Letre, tuliiangalia pamoja, alinijibu: «Filamu si ripoti ya ONG. Zhao anazungumzia kilio cha mjane, gari ni picha ya kilio.» Nimekubali nusu. Ni kweli Fern anaomboleza, na zile sahani alizopewa na baba yake, anazozibeba kila mahali hadi Dave anazivunja, zinasema juu ya kilio kuliko hotuba. Na ni kweli pia kwamba Zhao hakuwafanya wale wazee kuwa watu wa kuhurumiwa. Nyuso zao zinakaa mbele yetu kwa muda wa kutosha, tunazisikiliza. Bob Wells anaongea juu ya kifo cha mtoto wake, na ni kifo cha kweli. Nusu nyingine siikubali. Ukichukua watu wa kweli na kambi za kazi za kweli, umeingia kwenye deni. Fern anafanya kazi ndani ya ghala ya Amazon, ghala yenyewe, waliruhusiwa kupiga picha. Tunaona nini? Sakafu safi, watu wanasalimiana, chakula cha mchana. Mtu akimuuliza, Fern anajibu malipo ni mazuri. Mambo inaishia pale. Kwenye kitabu, wazee wa mpango ule ule wa Amazon wanatembea juu ya beto zaidi ya kilometa 20 kwa siku, kuna mashine ukutani zinazogawa dawa za maumivu bure, Linda May anaumia mkono. Na Bruder anaeleza kwamba kulikuwa na wafanyakazi ambao serikali ilikuwa inaipunguzia kampuni kodi ikiwaajiri, wakiwemo wazee maskini wanaopata msaada. Nani alimkataza Zhao kuweka hata theluthi ya hiyo? Sijui, lakini najua ghala ilikuwa ya nani.

Sasa biti. Hapa muniruhusu nikae kidogo, juu ni fani yangu.

Filamu inatoa dakika chache kwa msimu wa biti za sukari: malundo, mashine, vumbi, Fern kati yao, kisha picha inakata na tuko barabarani tena na jua linatua. (Hii filamu jua linatua mara nyingi sana. Joshua James Richards ni mpiga picha mkubwa, lakini kuna wakati nilitamani saa sita ya mchana.) Mwenye hajui biti ataona kazi yoyote ile. Na kumbe mule ndani ya biti njo kuna jibu la swali ambalo filamu nzima inazunguka: kwa nini mtu wa miaka 65 analala ndani ya gari pembeni ya shamba?

Sisi sukari yetu ni ya miwa. Muwa ukikatwa, sukari ndani yake inaanza kuharibika, lazima upite mashine kwa siku moja ao mbili. Kwa hiyo kiwanda kinakata kidogo kidogo kwa miezi mingi, na kinahitaji wakataji karibu nacho miezi yote hiyo. Ukimhitaji mtu miezi mingi kila mwaka, itakubidi umjengee. Njo maana kiwanda cha miwa karibu kila mahali duniani kimezaa kambi: nyumba za mstari, dispanseri, shule. Tulizirithi, na mabaya yake tunayajua.

Biti ni mmea wa baridi. Sukari iko ndani ya mzizi, na zaidi ya nusu ya sukari inayotengenezwa Marekani inatoka kwake. Kule kwenye bonde la Red River, kati ya Minnesota na North Dakota, inaachwa ardhini hadi vuli ili ijaze sukari, kisha lazima itoke kabla ardhi haijaganda. Joto likizidi, wanasimamisha kuvuna, juu mzizi wenye joto unaoza ndani ya lundo. Mvua ikizidi, gari zinazama. Kwa hiyo mavuno makubwa yanaanguka karibu yote kwenye Oktoba, usiku na mchana, zamu za masaa 12, kwa wiki chache tu. Lori zinafuatana, wafanyakazi kwenye vituo vya kurundika wanaongoza lori, wanachukua mifuko ya mizizi kwa ajili ya kupima sukari, wanafagia matope. Biti zinarundikwa nje, baridi ya kule njo firiji yao, na kiwanda kinazisaga polepole hadi majira ya kuchipua.

Munaona? Miwa inataka watu kwa miezi mingi. Biti inataka watu wengi kwa wiki chache, kisha haitaki mtu. Nani atajenga nyumba kwa wiki tatu? Suluhisho ni kutafuta mfanyakazi anayekuja na nyumba yake. Kampuni inampa kiwanja cha kusimamisha gari, maji na umeme, anafanya kazi, anaondoka, na siku inayofuata kampuni haijui kama yuko hai. Amazon kwa Noeli ilikuwa biti vilevile: mavuno ya wiki chache. Kempingi za kiangazi vilevile. Zamani, Empire, kampuni ilijenga kambi na mfanyakazi akaja na nguo zake. Leo mfanyakazi anakuja na kambi mgongoni, kama konokono, na bei ya kambi, pine, asiransi, gazi, matengenezo ya dola 2000, iko juu yake. Gari-nyumba la Fern ni kambi ya US Gypsum iliyowekewa magurudumu na kuondolewa dispanseri.

Hilo Zhao alikuwa nalo mkononi. Alianza na Empire, akapita kwenye biti, akarudi Empire mwishoni, Fern anatembea ndani ya nyumba tupu. Ncha mbili za kamba ziko pale, hakuzifunga. Bruder anazifunga, kwa sentensi kavu zisizo na piano, na njo maana mimi kati ya viwili nachagua kitabu, ingawa najua filamu njo itaendelea kuzunguka kwa flashi.

Mambo mawili madogo kabla sijamaliza. La kwanza: Swankie. Kwenye filamu anaumwa kansa, anaenda Alaska kuona mbayuwayu, anakufa, wenzake wanatupa mawe kwenye moto kumkumbuka. Watu wengi wamelia. Swankie wa kweli hakuwa na kansa hiyo, hakufa, aliendelea na safari zake. Anacheza yeye mwenyewe hadi filamu ikahitaji kifo, kisha akapewa kifo. Sisemi ni dhambi, yeye alikubali. Lakini mukiambiwa «hawa ni watu wa kweli», muulize kweli inaishia wapi.

La pili: angalieni rangi ya watu kwenye Quartzsite ya filamu. Karibu wote ni weupe. Si kosa la Zhao, Bruder aliona vilevile na aliliandika wazi: kulala ndani ya gari, polisi anagonga dirisha saa nane ya usiku, si hatari ile ile kwa mweusi wa Marekani na kwa bibi mweupe wa miaka 64. Kitabu kinasema, filamu inanyamaza. Nalitaja juu wengi wenu, mukiota lile gari, munajiweka ninyi ndani yake.

Na sisi? Wengi tuliomaliza agronomia tunaishi kwa kontra za miezi sita. Mradi wa mahindi huku, wa mihogo kule, begi moja, godoro la kukunja, pikipiki ya mradi. Kwenye kontra yangu ya kwanza shirika lilitoa pikipiki na buti, na kwa nyumba likasema «utajipanga pale pale». Nilijipanga: chumba cha nyuma kwa mama mmoja mjane, alinitoza kidogo na kunipikia sombe. Kwenye bajeti ya mradi, yule mama hayuko popote. Tunaita hiyo «kuzoea terrain», kama Fern anavyosema malipo ni mazuri.

Linda May mwenyewe, mukisoma kitabu hadi mwisho, ndoto yake haikuwa barabara. Alitaka kusimama. Alipata eka chache za jangwa karibu na Douglas, Arizona, mpakani na Mexico, na alitaka kujenga nyumba ya udongo na pine kuukuu, inayokusanya maji ya mvua, pamoja na bustani. Filamu inalitaja, anaonyesha Fern picha, kisha anaondoka. Ningependa kamera imfuate. Pale mvua haifiki milimita 400 kwa mwaka, na sehemu kubwa inaanguka Julai na Agosti kwa vishindo. Hapa milimani kwetu tunapita 1200 na bado tunalia. Udongo wa majangwa yale mara nyingi una tabaka gumu la chokaa chini, mzizi unagonga na kurudi. Inawezekana kulima, lakini kwanza ungechimba mifereji ya kukata mteremko, ungeweka mawe, ungepanda maharagwe ya tepari yanayovumilia ukame, ungefunika udongo kwa chochote ulicho nacho. Ni kazi ya miaka mitatu minne kabla hujala kitu, na hakuna hata moja ya hizo unayoweza kufanya ukiwa na siku 14.